Ukitaka Kuajiriwa na Seli: Mwongozo kwa Asiyejua Aingiako

Mwongozo huu ni wa kijana mwenye shahada ya baiolojia, baiokemia au bioteknolojia, aliyepata ufadhili wa kusoma ng'ambo, na ambaye sasa anamalizia uzamivu huku akipekua matangazo ya kazi ya viwanda vya dawa vya Boston, Basel na Singapore. Matangazo hayo yana picha za watu waliovaa makoti meupe wakitabasamu mbele ya kichupa. Yanaahidi kwamba utabadilisha maisha ya wagonjwa. Hayasemi kwamba Jumapili, saa tisa usiku, utakuwa umesimama kando ya tangi ukisubiri namba ihame kutoka 6.98 kwenda 7.00.

Hatukusudii kukuvunja moyo. Tunataka tu kwamba siku utakapolia, ulie ukijua.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo magazeti hupenda kuyachanganya. Kugundua dawa ni kazi ya watu wanaopigwa picha. Kuitengeneza dawa ileile, kwa namna ileile, bechi baada ya bechi, mwaka baada ya mwaka, ni kazi ya watu wanaopigiwa simu usiku. Wewe unaelekea kwa hao wa pili.

1. Mjue mwajiri wako

Mkataba utasema mwajiri wako ni kampuni fulani. Usiuamini sana. Kampuni itauzwa, itaunganishwa na nyingine, itabadilishwa jina, na kadi yako ya mlangoni itachapishwa upya. Mwajiri wa kweli ni seli, na yafaa uujue ukoo wake.

Dawa kama panadol hutengenezwa kwa kemia tupu. Dawa za kibayolojia, mathalani kingamwili zinazotibu saratani au baridi yabisi, ni protini kubwa mno. Hakuna mkemia wa kuziunganisha kipande kwa kipande. Sharti zitengenezwe na kiumbe hai. Insulini ya binadamu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1982 ilitengenezwa na bakteria, lakini protini nyingine nyingi hazifanyi kazi vizuri mpaka zivishwe minyororo ya sukari ambayo bakteria wa kawaida wa maabara hajui kuivisha. Hapo ndipo anapoingia hamsta.

Mwishoni mwa mwaka 1948, majeshi ya kikomunisti yakiwa yanakaribia kuitwaa China, daktari Mmarekani aitwaye Robert Watson alisafirisha kwa ndege sanduku la hamsta 20, wanyama wadogo wa jamii ya panya waliokuwa wakitumika katika utafiti wa maradhi. Wakaishia kwa Victor Schwentker, mfugaji wa wanyama wa maabara huko New York, wakazaana. Mwaka 1957 Theodore Puck, mtafiti wa Colorado, alichukua kipande cha ovari ya jike mmoja wa ukoo ule na kuziotesha seli zake. Jike yule alikufa zamani; seli zake zipo mpaka leo na zinaendelea kugawanyika. Mwaka 1987 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza iliyotengenezwa ndani ya seli hizo, ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo. Tangu hapo sehemu kubwa ya dawa ghali za hospitali za dunia imetoka kwenye kizazi cha ovari ile moja.

Uzamivu wako, basi, utakuwa chini ya panya. Zoea.

Masharti yake ni haya. Anataka joto la karibu nyuzi 37, kipimo cha asidi (pH) kisichosogea mbali na 7, sukari isiyozidi wala kupungua, na oksijeni inayopuliziwa taratibu kwa sababu mapovu makali humpasua. Anataka hivyo kwa muda wa wiki mbili hivi mfululizo, ndani ya tangi la lita 2,000 au zaidi, ambalo wenyewe huliita bayoriakta. Hajui Idd, hajui Krismasi, na msiba wa kwenu haumhusu.

Zaidi ya yote, hataki mgeni. Seli ya hamsta hugawanyika mara moja kwa siku, takriban. Bakteria aliyeshiba hugawanyika kila baada ya dakika 20, yaani mara 72 kwa siku hiyohiyo. Piga hesabu mwenyewe nani atakuwa mwenye tangi kesho asubuhi. Na bakteria angalau hujitangaza: supu inachafuka, oksijeni inaporomoka, kengele zinalia. Virusi ni wastaarabu zaidi. Mwaka 2009 kiwanda cha Genzyme cha Allston, mtaa wa Boston ulio kando ya mto Charles, kiliingiliwa na kirusi kisichojulikana kumdhuru binadamu. Kilizisumbua seli za hamsta tu. Kiwanda kikasimama ili kisafishwe. Bahati mbaya ndicho kilichotengeneza Cerezyme na Fabrazyme, dawa za maradhi adimu ya kurithi, na wagonjwa wa nchi nyingi wakaanza kugawiwa dozi pungufu. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 175, na mwaka 2011 ikanunuliwa na Sanofi. Kadi za mlangoni, bila shaka, zilichapishwa upya.

2. Jifunze kuvaa

Ulidhani ulijifunza kuvaa ukiwa na miaka minne. Kiwandani utafundishwa upya, utapewa mtihani, na unaweza kufeli.

Tatizo ni wewe. Hewa ya mahali dawa inapotiwa chupani hairuhusiwi kuwa na zaidi ya chembe 3,520 za ukubwa wa nusu ya maikromita au zaidi katika mita moja ya ujazo, na mwili wako, hata ukisimama bila kusema neno, unamwaga ngozi, nywele na bakteria pasipo aibu. Kwa hiyo unaanza kwa kuvua. Pete, saa na hereni vinabaki nje. Wanja, poda na lipstiki vinabaki nje. Dada uliyelelewa Mombasa au Unguja, uliyezoea kufukiza udi kabla ya kutoka, jua kwamba kiwanda hiki hakitaki kukunukia wala wewe ukinukie.

Unanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Unavaa kofia ya nywele, kisha barakoa, kisha kilemba kinachofunika shingo. Ovaroli unaishika kwa ndani, ukiwa umeikunja ili mguu wake usiguse sakafu. Ikigusa, unaitupa na kuchukua nyingine huku mwenzako akihesabu dakika. Halafu unakaa juu ya benchi. Upande huu wa benchi ni uchafu, upande ule ni usafi. Unavalisha mguu wa kulia buti, unauvusha bila kukanyaga huku. Unavalisha wa kushoto, unauvusha. Miwani, glavu, glavu nyingine juu yake, dawa ya kileo. Hakuna sehemu ya mwili wako iliyobaki wazi.

Ndani unatembea mwendo wa bibi harusi anayepelekwa ukumbini: polepole, mikono mbele, bila kugeuka ghafla, kwa sababu mwendo wa haraka unatimua chembe. Huwezi kujikuna pua. Huwezi kunywa maji, na wenzetu wanaofunga Ramadhani hugundua kwamba zamu nzima ya saa nne imepita bila hata mmoja wa wasiofunga kuwazidi kitu. Ukitaka kwenda haja, unavua vyote, na ukirudi unaanza tena kwenye kofia ya nywele. Kwa sababu hiyo chai ya asubuhi ni uamuzi mzito.

Mwisho wa zamu unabonyeza vidole vyako vitano, vikiwa bado na glavu, juu ya sahani yenye agari. Sahani inawekwa kwenye joto kwa siku kadhaa. Kikiota kitu, utaitwa na kuulizwa uligusa wapi.

3. Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwahi kuona kiwanda cha dawa, lakini wangeajiriwa siku hiyohiyo katika idara ya ubora.

Kila bechi ina kitabu chake, aghalabu chenye kurasa mamia. Kila hatua ina mstari: saa ulipofungua vali, uzito uliosoma kwenye mizani, namba ya mizani hiyo, tarehe mizani hiyo ilipopimwa usahihi. Kuna saini ya aliyefanya na saini ya aliyeshuhudia. Sheria ya fani ni fupi: kisichoandikwa hakikufanyika. Unaweza kuwa umekesha, umeokoa tangi, umekula biskuti mbili tangu jana. Usipoandika saa, kwa mujibu wa kitabu ulikuwa umelala nyumbani.

Ukikosea kuandika, usifute. Usipake rangi nyeupe. Usichane karatasi, na usiandike juu ya tarakimu kuigeuza 3 kuwa 8 kama ulivyofanya kwenye daftari la hesabu. Unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa ili lisomeke, unaandika sahihi pembeni, unatia saini, tarehe na sababu. Kosa lako linahifadhiwa kwa miaka, likiwa safi na linasomeka, pamoja na jina lako. Wapo watu ambao alama yao pekee katika historia ya sayansi ni mstari huo mwembamba.

Kabla hujacheka, msikilize farasi. Mwaka 1901, mjini St. Louis, palikuwa na farasi aitwaye Jim, aliyekuwa amestaafu kukokota gari la maziwa na kupewa kazi mpya: kutoa damu ya kutengenezea kinga ya dondakoo. Jim alipata pepopunda, akauawa. Lakini damu aliyotolewa siku chache kabla dalili hazijaonekana haikumwagwa yote. Nyingine ilitiwa chupani na kubandikwa tarehe ya damu ya zamani. Watoto 13 walichomwa sindano hiyo wakafariki. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kwanza ya kusimamia dawa za kibayolojia.

Kila kisanduku cha saini kinachokuudhi kimetokana na kaburi la mtu. Ukilikumbuka hilo, kitabu kinasomeka vizuri zaidi, ingawa hakipungui kurasa.

4. Ficha ubunifu wako

Chuoni ulisifiwa kwa kuuliza "je, tukijaribu hivi?" Kiwandani sentensi hiyo hufanya chumba kinyamaze.

Sababu yake ni kwamba katika dawa hizi mchakato ndio dawa. Kidonge cha kawaida unaweza kukipima na kusema kina kitu gani hasa. Protini iliyotoka ndani ya seli ni mkusanyiko wa ndugu wanaofanana bila kuwa sawasawa: huyu ana mnyororo mrefu wa sukari, huyu mfupi, huyu amekunjika kidogo. Ukibadilisha tangi, chakula au hata kasi ya kukoroga, ukoo unabadilika.

Genzyme hao hao walipata kibali mwaka 2006 cha dawa iitwayo Myozyme, ya ugonjwa wa Pompe, ambao hudhoofisha misuli kwa kukosa kimeng'enya kimoja. Ilikuwa ikitengenezwa kwenye matangi ya lita 160. Wagonjwa wakawa wengi, utengenezaji ukahamia kwenye matangi ya lita 2,000: seli zilezile, jeni ileile, kampuni ileile. Mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliangalia minyororo ya sukari ikasema hii ni dawa nyingine, leteni maombi mapya. Dawa ya tangi kubwa ikapata kibali chake mwaka 2010 kwa jina jingine kabisa. Mtu alikuza tu sufuria, akazaa mtoto wa pili.

Kisa cha Eprex hakichekeshi hata hivyo. Ni dawa ya kuwaongezea damu wagonjwa wa figo. Mwaka 1998, kwa hofu ya maambukizi yanayoweza kupitia damu, albumini ya binadamu iliyokuwa ikiihifadhi iliondolewa, ikawekwa kemikali iitwayo polisobeti 80. Badiliko la busara, tena la usalama. Katika miaka iliyofuata, wagonjwa kadhaa nje ya Marekani walianza kutengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe na dhidi ya homoni yao ya asili ambayo dawa hiyo huiiga. Uboho ukaacha kutengeneza chembe nyekundu, wakabaki kutegemea kuongezewa damu. Wataalamu walibishana sana juu ya chanzo, na mmoja wa watuhumiwa wakuu alikuwa kizibo cha mpira cha bomba la sindano, kilichodhaniwa kuachia kemikali kwa sababu ya hiyo polisobeti. Kizibo!

Kwa hiyo utakapopata wazo zuri, na utalipata, fuata utaratibu. Liandike. Lipeleke kwenye kamati ya mabadiliko. Kamati italiomba data. Data itaomba bechi za majaribio. Bechi zitaomba fedha. Fedha zitaomba mwaka ujao. Wengi wetu tuna mawazo mazuri yaliyo katika hatua ya fedha.

5. Ukihamia tiba ya seli

Baada ya miaka ya kumtumikia hamsta utatamani heshima zaidi. Utasikia habari za tiba ambayo seli yenyewe ndiyo dawa, na utahama. Soma sehemu hii kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Aprili 2012 huko Philadelphia, mtoto wa miaka sita aitwaye Emily Whitehead, ambaye saratani ya damu ilikuwa imekataa kila dawa, alirudishiwa seli zake mwenyewe zikiwa zimefundishwa kazi mpya. Alipona. Agosti 2017 tiba hiyo ikaruhusiwa kwa jina Kymriah, bei dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

Kazi yenyewe iko hivi. Damu ya mgonjwa inapitishwa kwenye mashine, seli nyeupe zinachujwa na kugandishwa, zinasafirishwa hadi kiwandani. Huko seli T zinatengwa na kuamshwa. Kisha zinaingizwa jeni mpya kwa kutumia kirusi kilichotokana na VVU kikiwa kimeng'olewa meno yote, habari ambayo nakushauri usianze nayo ukimweleza bibi. Zinaoteshwa, zinapimwa, zinagandishwa tena katika mvuke wa naitrojeni, zinarudi hospitali.

Ona sasa kilichobadilika. Kwa hamsta, bechi moja ni maelfu ya chupa, na ikiharibika unatupa, unalia, unaanza nyingine kutoka akibani. Huku bechi moja ni mtu mmoja. Malighafi imetoka kwa mgonjwa aliyekwisha kupigwa na dawa kali, kwa hiyo seli zake zimechoka kabla hazijakufikia. Haziko nyingine akibani. Na hakuna kosa baya kuliko kumpelekea Juma seli za Hamisi, ndiyo maana kila mfuko unasomwa, unalinganishwa na kutiwa saini kila unapopita mlango.

Halafu kuna siku ambayo hakuna somo la chuo linalokuandaa nayo. Kibali cha Marekani cha Kymriah kilidai angalau asilimia 80 ya seli ziwe hai. Biashara ilipoanza, mifuko kadhaa ilitoka chini ya kipimo hicho. Kisheria hiyo si dawa, haiuzwi. Lakini upande wa pili wa simu yupo daktari, na mbele yake mgonjwa asiye na muda wa kusubiri bechi nyingine. Ilibidi utafutwe utaratibu wa kuwapa wagonjwa seli hizo kwa idhini maalumu, bila malipo. Wewe uliyekaa na karatasi yenye namba pungufu huamui peke yako, ila namba hiyo umeiandika wewe. Jaribu kuipandisha asilimia moja tu kwa huruma na utakuwa umewaangusha wagonjwa wote watakaofuata, maana hakuna atakayejua tena namba zako zina maana gani.

6. Mgeni njoo

Kwetu mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa huku ni mkaguzi, na mwenyeji hupona kwa tabu.

Malezi yetu hapa yanakuwa mzigo. Umefundishwa kumkaribisha mtu, kumuuliza habari za safari, kuujaza ukimya kwa maneno. Mkaguzi mzoefu huuliza swali, unalijibu, halafu anakutazama tu. Ukimya huo ni mtego. Mswahili hawezi kuuvumilia, atasema, "Na hata wiki iliyopita..." na hapo hapo wiki iliyopita itafunguliwa faili. Jibu ulichoulizwa. Ukiwa hujui, sema hujui, na kwamba utaleta karatasi. Ukimaliza, funga mdomo, hata kama mama yako angeona ni utovu wa adabu.

Mkaguzi wa FDA akiondoka na dosari, anaacha fomu namba 483 yenye orodha yake, na kampuni ina siku 15 za kazi kuijibu kama inataka majibu yake yazingatiwe kabla ya onyo kali kutoka. Katika siku hizo utagundua kwamba karibu kila kosa duniani chanzo chake ni "mhudumu hakufuata utaratibu" na dawa yake ni "mhudumu afundishwe upya". Ukiona jibu la namna hiyo, ujue tatizo limebaki palepale na sasa lina cheti cha mafunzo.

7. Cheo, viza na mengineyo

Utapanda. Kwanza utakuwa mwanasayansi, kisha mwanasayansi mwandamizi, kisha meneja, na kwa kila hatua utakuwa mbali zaidi na seli na karibu zaidi na mikutano. Wapo waliokataa kupanda ili wabaki na tangi lao. Tuliwaona wajinga, sasa tunawaonea wivu.

Usiweke imani yako kwenye sayansi nzuri peke yake. Kampuni ya Dendreon ilipata kibali Aprili 2010 kwa Provenge, tiba ya saratani ya tezi dume inayotengenezwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe, dola 93,000 kwa dozi zote tatu. Dawa ilikuwa halali, viwanda vilijengwa, watu wakaajiriwa. Novemba 2014 kampuni iliomba kinga ya mufilisi. Gharama za kumtengenezea kila mtu dawa yake peke yake zilikuwa kubwa, na wateja hawakuja kwa kasi iliyotarajiwa.

Sasa, mwenzako Mmarekani akipunguzwa kazi anapata huzuni. Wewe mwenye viza ya H-1B unapata huzuni na siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine au kufungasha. Weka akiba, na usinunue samani nzito.

8. Kuwaeleza nyumbani

Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko kuvaa ovaroli. Ukishapata uzamivu utaitwa Daktari, na kuanzia siku hiyo kila msiba utakaohudhuria, mtu atakuvuta pembeni akuonyeshe mguu. Simu ya shangazi huenda hivi:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wewe ndiye unayetengeneza ile dawa ya kansa."

"Natengeneza sehemu yake, shangazi. Naangalia seli kwenye tangi."

"Tangi la maji?"

"La dawa. Nahakikisha isibadilike."

"Ikibadilika?"

"Tunaimwaga."

"Yote?"

"Yote, shangazi."

"Haya mwanangu. Mungu akufungulie upate kazi nyingine."

Usibishane naye. Mwitikie amina, halafu muulize habari za mafua.

9. Kabla hujaamua

Umefika hapa, basi unastahili kuambiwa jambo moja bila utani.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliruhusu Casgevy, tiba ya selimundu inayorekebisha jeni ndani ya seli za uboho za mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania, kwa mtu mmoja. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Ugonjwa uko kwetu. Kiwanda, chumba safi, kitabu cha bechi na watu wa kukijaza wako kwingine. Sehemu ya bei hiyo ni faida na ni hati miliki, hilo halina ubishi. Lakini sehemu nyingine ni hayo yote tuliyoyacheka humu: mfuko mmoja kwa mtu mmoja, vyumba vya ovaroli, saini mbilimbili, miezi ya kazi ya mikono ya watu waliosomeshwa kwa gharama. Bei hiyo haitashuka kwa hotuba. Itashuka pale watakapopatikana watu wa kurahisisha utengenezaji wenyewe, na wengine wa kuufanya karibu na wagonjwa walipo.

Dalili zipo. Mamlaka ya dawa ya Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia daraja la tatu la ukomavu la Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018. Maana yake wakaguzi tunao. Mjini Kigali, Desemba 2023, BioNTech ilizindua kiwanda cha teknolojia ya mRNA kilichoundwa kwa makontena yaliyosafirishwa kutoka Ulaya. Makontena husafiri kwa meli. Watu wanaojua kwa nini namba haipaswi kuwa 6.98 hawasafiri kwa meli; hutengenezwa kwa miaka kumi ya zamu za usiku.

Kwa hiyo kama una haraka ya jina, baki chuoni uandike makala. Kama unapenda kila siku iwe mpya, fungua biashara. Lakini kama unaweza kufanya jambo lilelile mara ya mia kwa uangalifu wa mara ya kwanza, na kuandika asilimia 79 wakati kila mtu chumbani anatamani iwe 80, omba kazi hiyo, ifanye miaka ya kutosha uijue, kisha uje uifundishe Dar es Salaam, Nairobi au Kigali. Wagunduzi hatujawahi kuwakosa. Tunachokosa ni watu wa kitabu cha bechi.